Amri na Picha: Taarikh ya Akili Mbili Mbele ya Kompyuta

Watumiaji wa kompyuta wamegawanyika mafungu mawili tangu zamani. Fungu la kwanza ni la wale wapendao kuiandikia kompyuta amri kwa maneno, nayo ikatenda. Fungu la pili ni la wale wapendao kuviona vitu mbele ya macho yao, wavichague, wavisogeze na kuviacha. Mgawanyiko huu umezaa maneno makali kwa muda wa miaka zaidi ya 40. Wa kwanza wamewaita wa pili wavivu wa kufikiri, na wa pili wamewaita wa kwanza watu wa majivuno waliojifungia katika chumba cha siri. Mwaka 1994 mwandishi wa Italia, Umberto Eco, aliandika kwa mzaha kwamba kompyuta za Macintosh ni za Kikatoliki, na zile zilizotumia mfumo wa DOS ni za Kiprotestanti. Mzaha ule ulienea sana, kwa kuwa kila aliyeusoma alimtambua jirani yake humo.

Lakini mzaha hauonyeshi chanzo cha jambo, na chanzo ndicho kinachotafutwa hapa. Je, watu hupenda uso huu wa kompyuta na kuuchukia ule kwa sababu akili zao zimeumbwa mbalimbali? Au hupenda walichokizoea, kisha wakakipa jina la akili? Swali hili si la mafundi peke yao. Mwanafunzi ashindwaye na programu katika wiki yake ya kwanza ya masomo huambiwa, au hujiambia mwenyewe, kwamba hana kichwa cha kazi hiyo, akaondoka. Ikiwa aliyeshindwa ni yeye, hukumu hiyo ni ya haki. Ikiwa alikutana tu na mawazo ya mtu mwingine yaliyovikwa vazi la mashine, basi amedhulumiwa, na taarikh ya kiolesura yapaswa kusomwa upya kwa jicho hilo.

Tuanze na mashine yenyewe. Mwaka 1969 Ken Thompson na Dennis Ritchie, watumishi wa maabara ya Bell Labs katika jimbo la New Jersey, Marekani, walianza kutengeneza mfumo uliokuja kuitwa Unix. Mashine waliyokuwa wakiiandikia haikuwa na kioo. Ilikuwa ni mashine ya kupiga chapa juu ya karatasi, iitwayo Teletype, ambayo ilichapa herufi 10 tu kwa sekunde moja, kwa kelele nyingi, na vibonye vyake vilikuwa vigumu kwa vidole. Mtu aliyeketi mbele ya mashine ya namna hiyo kutwa nzima hataki maneno marefu. Ndiyo maana amri za Unix ni fupi kama kikohozi: ls kwa kuorodhesha, cp kwa kunakili, mv kwa kuhamisha, rm kwa kufuta. Vizazi vilivyofuata vikayaona maneno haya kama nembo ya akili kali, hali asili yake ni vidole vilivyochoka na karatasi iliyokwenda polepole.

Hata hivyo si haki kusema kwamba yote yalitokana na vibonye. Mwaka 1973 wazo la mwenzao, Douglas McIlroy, lilitiwa katika mfumo ule: kwamba matokeo ya programu moja yaingie katika programu ya pili, na ya pili katika ya tatu, kama maji yapitavyo katika mfereji. Hapa kweli pana namna ya kufikiri. Ni akili ya mtu awezaye kushika safu nzima ya kazi kichwani kabla hajaanza, bila kuona kitu chochote, kisha akaitamka kwa mstari mmoja. Mtu wa namna hiyo alipokutana na Unix aliona furaha ya msafiri aliyefika mji wa lugha yake.

Mtu wa namna nyingine aliona kiza. Mnamo 1981 Donald Norman, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha California mjini San Diego, aliandika makala katika jarida la Datamation kuulaumu mfumo huo. Hakuulaumu kwa unyonge. Ndani yake aliusifu kuwa umejengwa kwa ustadi. Aliulaumu kwa kutomjali mtu aliye mbele yake. Majina ya amri hayakufuata kanuni moja. Amri ya kuonyesha maandishi ya faili iliitwa cat, neno ambalo kwa Kiingereza ni jina la paka, wala mtu hawezi kubahatisha uhusiano wa paka na kusoma. Mfumo ulikaa kimya ulipotenda ulichoambiwa, na kimya hicho kwa mgeni kilikuwa sawa na kimya cha kushindwa. Wapenzi wa Unix walijibu kwamba atumiaye kila siku huzoea, na akizoea huwa mwepesi kuliko mwingine yeyote. Majibu hayo yalikuwa ya kweli, na lawama nayo ilikuwa ya kweli, kwa maana kila upande ulikuwa ukimzungumzia mtu wake. Norman alimfikiria mgeni. Wao walimfikiria mkazi. Hakuna aliyeuliza kama mgeni yule angedumu hata awe mkazi.

Upande wa picha nao una taarikh yake, wala haikuanza kwa kuwahurumia wasiojua. Tarehe 9 Desemba 1968, mjini San Francisco, Douglas Engelbart alionyesha mbele ya hadhira ya wataalamu kazi ambayo yeye na wenzake wa Stanford Research Institute waliifanya kwa miaka kadhaa. Kwa muda wa dakika 90 watu waliona kwa mara ya kwanza kipanya kikiongoza alama juu ya kioo, maandishi yakifungwa na kufunguliwa, na watu wawili walio mbali wakifanya kazi juu ya ukurasa mmoja. Wengi humkumbuka Engelbart kwa kipanya, wakasahau chombo cha pili kilichokuwa chini ya mkono wake wa kushoto: kibodi ndogo ya vibonye 5, ambayo mtu aliibonyeza kwa kuunganisha vidole kama mpiga kinanda ili kupata herufi. Chombo hicho kilihitaji kujifunza kwa bidii. Engelbart hakuona aibu juu ya jambo hilo. Kwake kompyuta ilikuwa chombo cha kukuza akili ya binadamu, na hakuna aliyewahi kukuza kitu bila ya mazoezi. Basi mtu aliyetupa kipanya hakuwa mtetezi wa wepesi hata kidogo.

Wazo la kuifuata akili ya mtumiaji lilikuja kwa nguvu zaidi kupitia Alan Kay, nalo lilitoka kwa watoto. Mwaka 1968 Kay alimtembelea Seymour Papert, aliyekuwa akiwafundisha watoto kuandika programu huko Massachusetts, akarudi amebadilika. Baadaye, akiwa katika kituo cha utafiti cha kampuni ya Xerox kilichofunguliwa mwaka 1970 mjini Palo Alto, alizisoma kazi za mwanasaikolojia Jerome Bruner. Bruner alifundisha kwamba mtu hujua mambo kwa njia tatu: kwa kutenda, kwa kuona sura, na kwa kutumia alama kama vile maneno na hesabu. Njia hizi hazikai pamoja kwa amani siku zote. Kay alipenda kusimulia jaribio moja. Mtoto huonyeshwa maji yakimiminwa kutoka bilauri fupi nene kwenda bilauri ndefu nyembamba, naye husema kwamba sasa maji yamezidi, kwa kuwa yamepanda juu. Bilauri zikifichwa nyuma ya kadi, mtoto yuleyule husema hayawezi kuzidi, kwani yangetoka wapi? Kadi ikiondolewa, hurudi kwenye kauli yake ya kwanza. Kichwa ni kimoja, lakini kinatoa hukumu mbili kwa kufuata kile ambacho jicho limepewa.

Kay aliongeza ushahidi mwingine, safari hii kutoka kwa watu wazima wenye elimu kubwa. Mwanahisabati Mfaransa Jacques Hadamard, katika kitabu alichokitoa mwaka 1945, aliwauliza wanahisabati na wanasayansi hufikirije wanapofanya kazi zao. Wengi hawakutaja maneno wala alama za hesabu; walitaja sura zisizo dhahiri, na Albert Einstein akataja hata hisia za misuli. Alama zilikuja mwisho, wakati wa kuwaeleza wengine. Nadhani hapa ndipo Kay alipopata hoja yake yenye nguvu kuliko zote, ingawa haitajwi sana: kwamba picha si ngazi ya chini ambayo mtu huiacha akikua, bali hata mwenye elimu ya juu huisimamia anapoitafuta fikra mpya. Kwa sababu hiyo Kay na wenzake, miongoni mwao Adele Goldberg aliyefanya kazi nyingi na watoto, walitaka mikono, macho na maneno vifanye kazi pamoja. Madirisha yanayolaliana juu ya kioo kama karatasi juu ya meza yalizaliwa katika kazi hiyo.

Katika jengo hilohilo palikuwa na programu ya kuandikia iitwayo Bravo, iliyotengenezwa na Butler Lampson na Charles Simonyi mwaka 1974. Ilikuwa kazi ya hali ya juu, na kisa chake kimoja chafaa kusimuliwa kwa kirefu. Bravo ilikuwa na hali mbili. Katika hali moja, herufi uliyoibonyeza iliandikwa. Katika hali ya pili, herufi ileile ilikuwa amri. Ilisemwa kwamba mtu akisahau yumo katika hali ya amri, akaandika neno la Kiingereza edit, lenye maana ya kuhariri, msiba humpata. Herufi e huchagua maandishi yote. Herufi d huyafuta. Herufi i hufungua nafasi ya kuandika. Na herufi t huandikwa. Kitabu kizima hutoweka, ikabaki t moja juu ya kioo. Mhandisi aliyeijenga programu hawezi kupatwa na hayo mara nyingi, kwa kuwa hali ya mashine imo kichwani mwake muda wote. Karani ambaye kichwa chake kimejaa barua anayoiandika hana nafasi ya kuibeba na hali ya mashine juu yake.

Larry Tesler aliuchukia mpango huo wa hali mbili kiasi cha kuifanya kazi ya kuuondoa kuwa wito wa maisha yake, hata akauweka ujumbe wa kuupinga katika kibao cha namba za gari lake. Yeye na Tim Mott walitumwa kutengeneza programu kwa ajili ya wahariri wa Ginn, kampuni ya kuchapisha vitabu iliyokuwa mali ya Xerox. Walifanya jambo ambalo leo laonekana dogo, na wakati ule lilikuwa geni. Wahariri waliwekwa mbele ya kioo kisichofanya kitu, wakaombwa waseme wangependa kufanyaje kazi yao hapo. Wahariri walieleza kazi waliyoijua: kukata kipande cha karatasi kwa mkasi, kukibandika mahali pengine kwa gundi, kutia alama kwa kalamu. Programu ya Gypsy ikajengwa juu ya maelezo hayo, na kukata na kubandika tunakokufanya kila siku kulienea kutoka hapo. Naona tukio hili ni kubwa kuliko kipanya. Kwa mara ya kwanza mtengenezaji aliitafuta akili isiyo yake kabla ya kujenga.

Biashara ilipoingia, fikra hii ilibadilika sura. Xerox iliuza mashine yake ya Star mwaka 1981 kwa bei isiyofikiwa na mtu wa kawaida. Kampuni ya Apple ilitoa Lisa mwaka 1983 kwa dola 9,995, kisha Macintosh mwezi wa Januari 1984 kwa dola 2,495, ikatangaza kwamba hiyo ndiyo kompyuta ya watu wengine wote waliosalia. Tangazo hilo liliwavuta wengi, lakini lilipanda mbegu mbaya. Likawagawa watu kati ya wajuzi na waliosalia, na picha ikawa alama ya waliosalia. Hoja ya Kay, kwamba Einstein naye alifikiri kwa sura, ikapotea sokoni.

Wanasayansi nao walikuwa na jibu tayari, au walidhani wanalo. Tangu miaka ya 1940 Herman Witkin alikuwa akiwapima watu mjini New York kwa kuwaweka katika chumba chenye giza mbele ya fimbo iliyozungukwa na fremu iliyoinama, akawataka waisimamishe fimbo wima. Wengine walidanganywa na fremu, wengine hawakuijali. Witkin aliwaita wa kwanza wenye kutegemea mazingira na wa pili wenye kujitegemea, akaona katika tofauti hiyo namna mbili za kufikiri. Mwaka 1966 John Berry alichapisha uchunguzi uliowalinganisha Watemne wa Sierra Leone, wakulima wa mpunga, na wawindaji wa kisiwa cha Baffin huko Kanada ya kaskazini. Wawindaji walikuwa wepesi zaidi wa kuona umbo lililofichwa ndani ya umbo jingine, na Berry alitafuta sababu katika maisha yao: nchi tupu yenye theluji inayodai jicho kali, na malezi yanayomwachia mtoto uhuru. Kwa maneno mengine, hata kama ni namna ya kufikiri, kazi na malezi vina mkono ndani yake.

Haikushangaza basi kwamba wabunifu wa programu za maofisini walitaka kumpima kila mkubwa wa kazi, kisha wamtengenezee kiolesura kifananacho na alama zake. Mwaka 1983 George Huber aliandika makala iliyouliza kama hayo yote si makelele mengi juu ya kitu kidogo. Alisema kwamba uchunguzi wa namna za kufikiri haukuwa umetoa msingi wa kutosha wa kujengea, na kwamba hata ukiutoa, si dhahiri kama mtu apewe chombo kinachoifuata tabia yake au kinachoijazia upungufu. Katika darasa mambo yalikwenda vivyo hivyo. Mwaka 2008 Harold Pashler na wenzake watatu walipitia ushahidi wa fundisho kwamba kila mwanafunzi afundishwe kwa mtindo wake, wakaona kwamba majaribio yaliyofanywa vizuri ni machache na hayaliungi mkono. Nakubaliana nao. Mtu anaposema yeye ni wa picha au ni wa maneno, anatuarifu anachokipenda. Hajatuarifu bado kitakachomfaa.

Lakini kulikataa fundisho la vipimo si kukubali kwamba akili zote hupita njia moja. Mwaka 1990 Sherry Turkle na Seymour Papert walichapisha maelezo juu ya wanafunzi wa programu, baadhi yao wa Chuo Kikuu cha Harvard. Walimu waliwataka wote wapange kazi kutoka juu kwenda chini, kila sehemu ifungwe kama sanduku lisilofunguliwa. Walikuwapo waliostawi. Mwanafunzi mmoja aliyekuwa mtunga mashairi alitaka kuyashika maneno ya programu kama alivyoyashika maneno ya shairi, akiyahamisha, akiyaonja, huku jengo likijitokeza polepole. Kazi yake ilikwenda vizuri mpaka alipolazimishwa kufuata njia rasmi. Akaifuata kwa kujigeuza, huku akiichukia. Sisi tunamjua fundi wa aina hii. Yupo fundi ajengaye kwa ramani, na yupo ajengaye kwa kutazama jiwe lililo mkononi, na nyumba za wote wawili hukaliwa. Katika chuo mmoja hupewa maksi.

Huku kwetu taarikh hii iliingia katikati, ikiwa imekwisha pambwa. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa lugha ya Kiswahili, na kazi ile ya kutafuta istilahi yastahili heshima. Hata hivyo maneno ndiyo yaliyotafsiriwa. Mandhari yalibaki yaleyale ya ofisi ya California, pamoja na meza yake, makabrasha yake na mkasi wa wale wahariri wa Ginn. Aliyewahi kukaa katika ofisi ya namna hiyo huyakuta mambo aliyoyazoea. Asiyewahi hujifunza ofisi na kompyuta kwa pamoja.

Tena, wakati mafundi wakiendelea kusema kwamba amri ni za wachache, watu wa Afrika Mashariki waliishika amri bila kuulizwa. Huduma ya fedha ya M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008. Mtumiaji wa Tanzania huandika *150*00#, kisha huchagua namba baada ya namba mpaka fedha ifike. Muuza samaki aliyezoea haisomi tena orodha. Vidole vyake vinajua kwamba baada ya namba hii yaja ile, naye huimaliza safu nzima huku akizungumza na mteja. Hiyo ni safu ya amri, fupi na kavu kuliko hata ya Thompson, na inatumiwa na watu ambao tangazo la mwaka 1984 lingewahesabu miongoni mwa waliosalia. Wapo wenye simu janja zenye picha nzuri za huduma ileile ambao bado huandika nyota na namba. Hawakuzaliwa na akili ya amri. Fedha ilikuwa ya lazima, njia ilikuwa moja, na marudio yalikuwa mengi. Mapenzi yakafuata nyuma.

Miongoni mwa majaribio ya karibuni, lililo na adabu zaidi kwa maoni yangu ni la Margaret Burnett na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon, lililochapishwa mwaka 2016 kwa jina la GenderMag. Wao hawampimi mtumiaji; humhoji mtengenezaji. Hupewa mtu wa kubuni aitwaye Abi, ambaye hukusanya habari zote kabla ya kutenda na hapendi kuchezea asichokijua, na mwingine aitwaye Tim, ambaye huirukia njia ya kwanza inayoonekana na kufurahia kubahatisha. Kisha kila hatua ya programu huulizwa: je, Abi hapa atajua la kufanya? Na akilifanya, atajua kwamba amefika? Mtengenezaji aliye kama Tim mara nyingi hugundua kwamba amejenga nyumba yenye mlango anaouona yeye peke yake.

Swali hilo limerudi kwa nguvu tangu Novemba 2022, programu ya ChatGPT ilipofunguliwa kwa watu wote. Baada ya miaka 40 ya madirisha na picha, mamilioni wamewekewa tena kisanduku kitupu na alama ya kuandikia inayopepesa. Mwenye kufikiri kwa maneno hukaa mbele yake akaanza kusema. Mwenye kutaka kuona kwanza kilichomo, avichague na kuvilinganisha, hakuti orodha wala kibao, na Abi, aliyezoea kusoma kila kitu kabla ya kugusa, hana cha kusoma.